Kesi mpaka mwisho au meza ya mazungumzo? Kwa anayekabidhiwa timu ya mawakili wa serikali kwenye migogoro ya ardhi za jamii za asili

Jamaa yangu kapandishwa cheo. Sasa ndo mkuu wa timu ya mawakili wa serikali wanaoshika kesi za ardhi za jamii za asili, mawakili tisa, makarani wawili, na kabati la majalada ambayo mengine yamemzidi umri yeye mwenyewe. Akanitumia meseji usiku, swali moja tu: tupambane au tuelewane? Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikajikuta saa saba usiku bado naandika, maana hiyo kazi niliifanya miaka kadhaa na nilikosea vya kutosha.

Nianze na msimamo wangu kabisa. Mahakama inajibu swali, haifungi jalada. Kama una swali la sheria ambalo kweli halina jibu, na bila jibu hamuwezi hata kukaa meza moja, nenda mahakamani bila aibu. Lakini kama huna hilo swali, una wizara tu ambayo haitaki ionekane imelegea, au kila mtu anakwepa kuwa ndo yule aliyesaini, hapo unachofanya ni kuahirisha, na kuahirisha kwenye mambo ya ardhi kunazaa riba.

Muda

Watu wa kesi wanapenda kusema mazungumzo hayaishi. Kweli kabisa, sibishi. Watu wa Nisga'a kule British Columbia, Kanada, walianza kuongea na serikali kuu 1976 na mkataba wao ukaanza kutumika Mei 2000, hesabu mwenyewe. Sasa weka pembeni yake kesi ya Delgamuukw ya majirani zao, Gitxsan na Wet'suwet'en. Imefunguliwa 1984, imesikilizwa siku 374 mbele ya jaji mmoja, hukumu ya kwanza 1991, Mahakama ya Juu 1997, na baada ya yote hayo Mahakama ya Juu ikasema suala la umiliki lirudi likasikilizwe upya. Halikusikilizwa upya mpaka leo. Februari 2020 treni zikasimama sehemu kubwa ya Kanada kwa sababu ya vizuizi vya kuwaunga mkono machifu wa Wet'suwet'en waliokuwa wanapinga bomba la gesi lisipite kwenye ardhi yao. Yaani jalada la miaka ya 80 lile, na bado lina nguvu ya kusimamisha treni.

Na hata jamii ikishinda safi kabisa, kama Watsilhqot'in wa hukohuko British Columbia 2014, ambao Mahakama ya Juu iliwatangazia haki yao juu ya kama kilomita za mraba 1,750, nyuma yake kulikuwa na siku 339 za kusikiliza na jaji wa kwanza mwenyewe aliandika kwamba mambo ya aina hii yanafaa kumalizwa mezani.

Huku kwetu Afrika mfano wa Waogiek wa Kenya unatosha. Notisi ya siku 30 ya kuhama msitu wa Mau ilitoka Oktoba 2009, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikatoa hukumu Mei 2017, ya fidia ikaja Juni 2022, shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, pamoja na amri kwamba ardhi itambuliwe, ipimwe na itolewe hati kwa kushauriana na Waogiek wenyewe. Soma hiyo sehemu ya mwisho tena polepole. Miaka karibu kumi na tatu ya mawakili, viapo na safari, halafu unaambiwa nenda kakae na watu mpime mipaka.

Kwa hiyo muda peke yake usikuamulie. Njia zote mbili ni ndefu, angalia tu ukifika mwisho umeshika nini mkononi.

Pesa

Hapa ndo mabosi wa hazina wanakuja na swali lao la kawaida, ipi rahisi? Nawajibu kwamba inategemea umeacha deni lilale miaka mingapi.

Kuna mfano mmoja ambao ningeubandika ukutani kwenye kila ofisi ya mawakili wa serikali. Mkataba wa Robinson Huron wa 1850, kaskazini ya Ontario: jamii zinaachia eneo kubwa sana, kwa malipo ya kila mwaka ambayo yaliahidiwa kupanda kama ardhi itazalisha vya kutosha. Yakafika dola 4 kwa kila mtu mwaka 1875. Yakabaki dola 4. Migodi ikachimbwa, misitu ikakatwa, reli ikapita, dola 4. Mwaka 2023 serikali kuu na ya Ontario zikakubali kulipa dola za Kanada bilioni 10 kwa miaka iliyopita, nusu kwa nusu. Nani angekataa kukaa mezani 1920 kwa bei ya 1920? Ila wakati ule hakuna aliyekuwa analazimika, na ndo uhalisia wenyewe, serikali haikai mezani mpaka isikie harufu ya hukumu, kwa hiyo mtu akikuambia mazungumzo yanatosha bila mahakama huyo naye hajui kazi.

Mezani nako kuna mitego. New Zealand walimaliza madai ya makabila mawili ya Wamaori, Waikato-Tainui 1995 na Ngāi Tahu 1998, kila mmoja dola zao milioni 170, wakaweka na kifungu kwamba jumla ya malipo ya jamii zote ikipita bilioni 1 kwa thamani ya dola ya 1994, hawa wawili wataongezewa ili wabaki na sehemu yao, 17% na kama 16.1%. Wakati wa kusaini bilioni moja ilionekana mbali huko. 2012 ikafikiwa, na nyongeza zikaanza kulipwa. Sisemi kilikuwa kifungu kibaya, kilisaidia wa kwanza wasiogope kusaini mapema, nasema wakili wa serikali anayekiandika lazima aandike pia memo kwa mtu ambaye atakalia kiti chake miaka kumi na tano baadae.

Na ipo kesi ambayo ilistahili kabisa kwenda mpaka juu, nayo ni ya pesa. Australia walikuwa na sheria ya 1993 inayosema jamii zilipwe fidia haki zao za asili zikiathiriwa, lakini haisemi unapigaje hesabu. Miaka inaenda, hakuna anayejua. Kesi ya Timber Creek ikafika Mahakama Kuu, ambayo kule ndo ya mwisho, 2019, eneo lenyewe dogo, kama kilomita za mraba 1.27, na majaji wakatoa kanuni: thamani ya kiuchumi nusu ya bei ya umiliki kamili, riba ya kawaida bila kuzaliana, halafu sehemu ya tatu peke yake kwa kukatwa uhusiano wa watu na ardhi yao, dola milioni 1.3 kati ya jumla ya kama milioni 2.53. Hilo ndo swali la kupeleka mahakamani. Jibu lake linatumika kwenye meza nyingine zote nchi nzima.

Wazee na ushahidi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunzia.

Kwenye ile kesi ya Delgamuukw kuna mama mzee, Mary Johnson, alikuwa anatoa ushahidi, na sehemu ya ushahidi wake ni wimbo, kwa sababu kwa watu wake wimbo ndo unabeba habari ya ardhi, ni sawa na hati. Jaji McEachern akapinga, akasema sikio lake ni la bati, hamna faida kumwimbia. Mama akaimba hivohivo. 1997 Mahakama ya Juu ikasema jaji alikosea kuuchukulia kirahisi ushahidi wa simulizi, na tangu hapo mlango uko wazi. Nikisoma ile sehemu huwa simfikirii jaji, nawafikiria mawakili wa serikali waliokaa pale wakidhani siku ile imewaendea vizuri.

Maana na mimi nilishawahi kudhani hivo. Mzee mmoja yuko kizimbani, mimi ndo namhoji, nikampa ramani yetu nikamwomba aonyeshe mpaka. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaisogeza kwenye mwanga. Nikajisemea nimempata, huyu ramani haijui. Akamwambia mkalimani kitu kirefu, mkalimani akanigeukia, "anasema mto uliochorwa hapa ulishahama njia yake, kwa hiyo anatafuta aliyechora alikuwa amesimama upande gani." Nyuma yangu mpima wetu akanisogezea kikaratasi: yuko sahihi, picha ya angani ni ya kabla ya mafuriko. Nikasema sina maswali zaidi mheshimiwa, nikakaa. Kikaratasi kile ninacho mpaka leo.

Mezani lile jambo lingechukua asubuhi moja. Unatoka na mpima, wazee wawili watatu, kijana wa jamii mwenye jipiesi, mnatembea mpaka, mnaandika majina ya vijito kama wanavyovitaja wao, mkibishana mnabishana mkiwa mmesimama juu ya kitu chenyewe. Lakini nimpe haki yake upande wa pili pia: mezani hakuna anayeapishwa. Mwenye sauti kubwa anapata zaidi, jamii jirani ambayo haijaalikwa inapoteza bila kujua, na serikali inaweza kuficha nyaraka ambazo mahakamani ingelazimishwa kuzitoa. Halafu zipo jamii ambazo kabla ya chochote zinahitaji mtu mwenye mamlaka atamke kwamba zipo. Kwenye kesi ya Waogiek serikali ilibisha hata kwamba hao ni jamii ya peke yake, tofauti na wengine wanaoishi Mau. Ukishamwambia mtu hayupo, utakaa naye meza gani?

Pingamizi za kiufundi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu jibu lake ni fupi. Pingamizi la awali lina utamu wake, najua, unaandika kurasa nne kuhusu ukomo wa muda na kesi ya miaka kumi inaanguka alasiri moja. Tatizo madai ya jamii za asili yana tabia ya kuinuka tena. Jimbo la Queensland, Australia, 1985, katikati ya kesi ya Mabo ya kudai haki ya ardhi ya asili, walipitisha kabisa sheria ya kufuta haki zinazodaiwa ili kesi ife. Mahakama Kuu ikaitupa sheria hiyo 1988, na Juni 1992 ikaja hukumu ambayo ilibadilisha sheria ya ardhi ya Australia nzima, miezi michache baada ya Eddie Mabo mwenyewe kufariki. Ontario nao walitegemea ukomo wa muda kwenye ule mkataba wa dola 4, wakagonga mwamba ngazi zote.

Kanada 2019, Jody Wilson-Raybould akiwa Mwanasheria Mkuu, walitoa mwongozo kwa mawakili wote wa serikali kuu kwenye kesi za jamii za asili: tanguliza kumaliza kwa makubaliano, kubali yale unayojua ni kweli badala ya kukana kila aya, na utetezi wa ukomo wa muda usiandikwe kwa mazoea, uwe na msingi na ushahidi. Ukiwa mkuu wa timu unaweza kuandika kimwongozo chako cha kurasa mbili hata wizara isipotoa. Mimi ningeanza na ile ya kukana kila aya. Wakili kijana anakana kwa sababu kiolezo kwenye kompyuta kinakana, anakana mpaka kwamba mlima upo, na wazee wanasomewa yale majibu kijijini kwa sauti.

Baada ya hukumu

Serikali ikishindwa kesi kuna kishawishi cha kuitekeleza kwa kijicho, unatoa kilichoandikwa tu na sio nukta zaidi. Botswana, kesi ya Sesana, Desemba 2006: Mahakama Kuu ikasema Wasan waliondolewa kwenye hifadhi ya Kalahari ya Kati kinyume cha sheria. Serikali ikashikilia kwamba wanaorudi ni wale waliotajwa kwenye kesi tu, na maji haitapeleka. Ikarudi mahakamani kesi nyingine, na 2011 Mahakama ya Rufani ikasema watu wana haki ya kutumia kisima chao. Kwa wakili wa serikali hiyo ni kushindwa mara mbili kwa gharama mbili, na ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu unashindwa juu ya maji ya kunywa.

Makubaliano nayo yanakwama kwenye utekelezaji, tena sana, lakini hapo angalau kuna kalenda mliyoipanga pamoja na kuna mtu wa kumpigia simu.

Timu moja au mbili?

Hili jamaa hakuniuliza ila ndo lingemsaidia kuliko yote. Wakuu wengi wanagawa: hawa wa kesi, hawa wa mazungumzo. Inaonekana safi kwenye chati. Kinachotokea, wa mazungumzo wanakunywa chai na jamii Jumanne wakikubali kwamba bonde ni lao, Alhamisi wa kesi wanawasilisha majibu yanayosema jamii haijawahi kuishi bondeni, na karatasi zote mbili zina saini ya ofisi moja. Imenitokea. Kiongozi wa jamii alikuja na karatasi zote mbili, akaziweka mezani kando kwa kando, hakusema neno, akangoja.

Timu moja nayo ina shida yake, mtu aliyemhoji mzee wako kizimbani kwa ukali mwezi wa tatu hawezi kuwa ndo anakuja kuongea undugu mwezi wa nne. Nilichoona kinafaa ni timu moja kwa jalada moja, msimamo mmoja ulioandikwa, ila sura tofauti mbele, na kila kinachowasilishwa mahakamani kinasomwa kwanza na mtu wa mezani. Mwanahistoria uwe naye ndani, wa kuajiriwa, sio shahidi mtaalamu unayemkodi wiki tatu kabla, kwa sababu wa kukodi anakuambia unachotaka kusikia na wa ndani anakuambia mapema kwamba umeshashindwa. Na usihamishe watu kila mwaka. Upande wa pili yule mama ni yuleyule tangu siku ya kwanza, nyie mnamletea wakili wa sita anayemwomba aeleze tena toka mwanzo.

Jambo moja kabla hujamwalika mtu yeyote: nani anasaini? Mteja wako sio mmoja, ni wizara ya ardhi, ya misitu, ya madini, hazina, na kila mmoja ana katibu wake. Kwenda mezani bila mamlaka ya maandishi yenye kiwango cha pesa na mipaka ya kinachoweza kutolewa ni vibaya kuliko kutokwenda.

Na zile njia za katikati

Baraza la Waitangi la New Zealand, la malalamiko ya Wamaori, la tangu 1975 na toka 1985 linaweza kuchunguza mambo mpaka ya 1840, mwaka wa mkataba wao na Waingereza, linasikiliza na kuandika ripoti, mapendekezo yake mengi hayalazimishi, halafu serikali na jamii wanaenda kujadiliana wakiwa tayari na historia iliyokubalika. Ni zuri sana kama nchi yako inalo. Huwezi kulianzisha ukiwa mkuu wa timu ya watu tisa. Njia ya katikati unayoiweza ni ya jamii ya Noongar, kusini magharibi mwa Australia: walishinda 2006, rufaa ya 2008 ikaitengua hukumu, hakuna upande uliokuwa na uhakika tena, wakakaa, na makubaliano sita ya thamani ya kama dola bilioni 1.3 yakaanza 2021. Kesi ikiwa hai na pande zote mbili zina hofu kidogo, huo ndo muda wa kupiga simu.

Majalada matatu ya jamaa

Mwishoni nikamwambia anitajie matatu yanayomnyima usingizi, bila majina.

La kwanza, jamii iliyoondolewa msituni kwa jina la uhifadhi, na wizara inataka rufaa. Nikamwambia asikate. Mahakama ya Arusha ilishakataa hoja kwamba Waogiek ndo walioharibu Mau, kwa kukosa ushahidi, kwa hiyo bila ushahidi wa aina nyingine anaenda kulipia jibu ambalo lipo. Mezani, na mtu wa misitu aje naye.

La pili, fidia ya barabara ya zamani, na sheria yao haisemi hesabu inapigwaje. Mahakamani, lakini kwa maelezo ya pamoja ya ukweli yaliyokubaliwa na pande zote, swali moja tu mbele ya jaji, na serikali ilipe wakili wa upande wa pili ili lijibiwe vizuri.

La tatu, jamii mbili jirani zinadai bonde moja na serikali inaelewana vizuri na moja. Hili ndo gumu, na hapa nilimkatalia mahakama na meza pia kwa sasa. Akisaini na mmoja, mwingine anamshtaki kesho yake. Akienda mahakamani, wanaopigana ni wao na yeye anaangalia. Nikamwambia awatafutie pesa za mpatanishi wanayemchagua wenyewe, atoe nyaraka zote za serikali kwa wote wawili siku moja, saa moja, kisha atoke chumbani. Akaniuliza akakae wapi. Nikamwambia nje kwenye gari, na simu iwe na chaji.